Kona ya Mkwe

Pikipiki iliyomuua Taratibu ilikuwa kwenye banda la vidhibiti nyuma ya kituo cha polisi, imelazwa ubavu kati ya jokofu lililong'olewa mlango na cherehani mbili za wizi. Inspekta alisimama mlangoni akaitazama, kisha akamtazama Sajenti.

"Nani kailaza hivi?"

"Mimi, afande. Stendi yake imevunjika."

"Mtu akivunjika mguu unamlaza juu ya mguu huo huo? Isimamishe."

Sajenti aliiinua peke yake, akihema, akaiegemeza ukutani. Inspekta hakunyoosha mkono. Alikuwa na vyuma kwenye nyonga, alivyovipata zamani alipokuwa akiendesha pikipiki za msafara wa wakubwa, na vyuma hivyo vilimuuma kila palipokuwa na kitu kizito cha kubeba. Kwenye kuinama ili achungulie mambo ya watu havikuwahi kumsumbua hata siku moja.

Marehemu hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa mpima macho, mtu wa koti jeupe na sauti ya chini, ambaye kila uwanja wa mbio ulipofunguliwa kwa watu wa kawaida alikwenda kuizungusha pikipiki yake kubwa na wapenzi wenzake wa kasi. Jina la Taratibu walimpa wao kwa utani, maana alikagua kila nati mara mbili kabla ya kupanda, na akishapanda aliwapita. Jumamosi aliingia uwanjani na hata mzunguko wa kwanza hakuumaliza. Aliteleza kwenye kona ya mwisho, na kichwa chake kikakutana na nguzo ya zege. Jumapili alizikwa, na kabla udongo haujakauka mji ulikuwa umeshakata kesi: kauawa na fundi tairi, yule wanayemwita Pancha, kwa kumfungia tairi vipara. Pancha alipigwa pale pale uwanjani mpaka polisi walipomwokoa, na namna ya kumwokoa ikawa ni kumtia mahabusu. Mkuu wa kituo alitaka afikishwe mahakamani kesho asubuhi ili watu watulie. Mkuu wa kituo alipenda sana watu watulie.

"Kesi nyepesi hii, afande," alisema Sajenti. "Tazama mwenyewe. Matairi hayana hata mfereji mmoja. Yameisha."

"Yamezaliwa hivyo."

"Vipi?"

"Hiki ndicho kinachoitwa kipara. Tairi la mashindano. Likipata moto linashika lami mpaka mpandaji anagusisha goti chini na haanguki. Likiwa baridi ni sabuni. Kwa hiyo wenyewe huyavika blanketi za umeme kabla ya kutoka, mpaka mpira uwe wa moto wa kukuunguza kiganja. Asiye na blanketi hafungi kipara siku ya uwanja. Anafunga tairi la barabara, lile lenye mifereji, linalojipasha lenyewe ndani ya mzunguko mmoja au miwili. Anapoteza kasi kidogo lakini anarudi kwake kula."

"Na huyu?"

"Huyu miaka yote alifunga la barabara. Ndiyo raha iliyowaudhi wenzake, kupitwa na mtu wa tairi la barabara. Piga goti hapo. Upande wa kulia wa tairi la nyuma unaona nini?"

Sajenti alipiga goti kwa shingo upande. "Umechakaa kidogo. Una vichembe vichembe, kama mpira wa kufutia penseli."

"Huo ulianza kupata moto. Kushoto?"

"Unang'aa. Una vinyweleo vya mpira."

"Vya kiwandani. Haujagusa lami, isipokuwa huo mchubuko mmoja mrefu, na huo ndio ulioondoka naye." Inspekta aliinama, akapitisha ukucha juu ya mchubuko. "Uwanja ule unazunguka kwa kulia. Kona zake zote ni za kulia mpaka ya mwisho, ndiyo peke yake ya kushoto. Wanaiita Kona ya Mkwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaingia kwa adabu, na hujui utapokewaje. Sasa fikiri. Tairi lingekuwa limevikwa blanketi, moto ungekuwa pande zote mbili, maana blanketi halijui kulia wala kushoto. Hili lilitoka baridi. Kona za kulia zikalipasha nusu, mwenyewe akajiona yuko salama, akaingia kwa mkwe kwa kasi kama anaingia chumbani kwake."

"Si ndiyo hayo hayo, afande? Fundi kamfungia kipara baridi."

"Fundi amefunga. Nani aliamua? Mtu anayekagua nati mara mbili habadili tairi kwa sababu ameota. Kuna aliyemwahidi moto. Huyo ndiye ninayemtaka."

Kabla ya kutoka alipima upepo wa matairi yote mawili kwa kipimo chake mwenyewe, maana maneno ya mjini yalisema pia kwamba fundi alikosea upepo. Kwenye upepo hapakuwa na neno. Sajenti alianza kuonekana mtu asiyependa siku yake inavyokwenda.

Pancha alikuwa amekaa kwenye kona ya mahabusu, mgongo ukutani. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekanyagwa na mtu mwenye kiatu kizito, na hakuna aliyehangaika kuvifunga hata kitambaa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unaniona?"

"Kwa hili moja."

"Linatosha, sikuja kutazamwa uzuri. Nani alikuja kwako kutaka vipara?"

"Taratibu mwenyewe, Ijumaa. Mimi nilishangaa. Matairi yake ya barabara yalikuwa mazima, mpaka sasa yako pale dukani kwangu. Nikamuuliza, daktari, una blanketi? Maana siku ya uwanja bila blanketi mimi kipara sifungi, hata kwa ndugu yangu wa tumbo moja."

"Akasemaje?"

"Akasema kaka yake anazo pea mbili, moja atampa yeye. Nikamwambia basi sawa, ila usitoke mpaka uyaguse kwa mkono. Akacheka. Akasema, kaka ndiye atakayeyavua, mimi nitakuwa nimeshavaa glovu."

Inspekta alimgeukia Sajenti. "Haya yako kwenye maelezo yake?"

"Hayapo," alisema Pancha. "Niliyasema. Aliyekuwa anaandika aliniambia nijibu ninachoulizwa."

Sajenti alikuta kitu cha kutazama sakafuni.

"Nani alikupiga wa kwanza?"

"Mke wa marehemu. Kwa kiatu. Kaka mtu alininyooshea kidole tu, akasema huyo hapo, na mama wa watu akanirukia. Wengine wakafuata. Ukishaanguka, afande, hata ambaye hakuja na hasira anaipata."

"Wewe una watoto?"

"Watatu."

"Na kazi yako ni ya vidole." Inspekta aliutazama ule mkono muda mrefu, bila huruma, kama anavyotazamwa kuku sokoni. "Havitanyooka tena hivyo. Aliyeandika maelezo yako ndiye atakayekupeleka hospitali leo, kwa miguu yake."

Sajenti alisema ndiyo, afande.

Msibani viti vya kukodi vilijaa uani, na katikati yake alikaa kaka wa marehemu akipokea pole. Uwanjani walimwita Jogoo, kwa kuwa siku zote alitaka kuwa wa kwanza kutoka na wa kwanza kusikika. Leo alikuwa amevaa shati jeusi lililopigwa pasi vizuri kuliko uso wake. Mama yake mzazi alikuwa kando yake, amemshika mkono wake wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayeogopa kuibiwa kilichobaki.

"Pole kwa msiba," alisema Inspekta.

"Tumeshapoa, Inspekta. Kazi ya Mungu haina makosa. Ya binadamu ndiyo inayo, na binadamu mwenyewe mnaye."

"Tunaye. Nataka kujua neno moja tu. Ulimpa ndugu yako blanketi za tairi?"

Jogoo hakupepesa. "Hapana. Nina pea mbili, lakini moja inasumbua, haikutoka kwenye begi. Ile nzima nilivisha pikipiki yangu. Yeye siku zote hakutaka mambo ya blanketi, alikuwa mtu wa tairi za barabara. Hata mimi nilishtuka kuona vipara. Nikajua tu, fundi kamdanganya."

"Ulishtuka ukamwambia?"

"Alishatoka."

"Asante. Huo ndio mchango niliokuwa nautaka." Alimwinamia mama mtu. "Na wewe mama, pole. Umebakiwa na mwana mmoja, eh?"

"Huyu tu, mwanangu," alisema mama. "Mungu amwache huyu."

"Tutamwangalia vizuri," alisema Inspekta, akaingia ndani.

Mjane alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka peke yake. Wanawake waliokuwa wakimliwaza walikuwa wamekwenda jikoni kupumzika na kilio chake. Alikuwa kijana kuliko alivyotarajiwa, na sauti ilikuwa imemkauka. Sajenti alisimama mlangoni na kalamu yake.

"Mimi sikuja kukutoa machozi," alisema Inspekta. "Nataka unieleze asubuhi ile, tangu mlipofika."

"Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda. Miaka yote nilikataa. Nilimwambia sitaki kukuona unavyojiua. Safari hii akanibembeleza, akasema njoo unione mara moja, utapenda. Nikaenda."

"Mkaingia kwenye chumba cha pikipiki."

"Ndiyo. Yeye akaenda kwenye mkutano wao, wanaoelezwa habari za usalama. Mimi nikabaki. Sijui mambo yao. Shemeji alikuwa anaingia anatoka. Alikuwa mwema sana siku ile, shemeji. Yeye ndiye aliyemshikia pikipiki mume wangu akapanda, akayavua yale mashuka meusi."

Kalamu ya Sajenti ilisimama.

"Mashuka gani?" Sauti ya Inspekta haikubadilika.

"Yale wanayofunika matairi. Ya kuzuia vumbi."

"Akayafanya nini?"

"Akayakunja vizuri, akanipa niyapakate. Kulikuwa na upepo na mimi nilivaa gauni jepesi. Akasema, jifunike magoti, shemeji."

"Ukajifunika."

"Ndiyo."

"Yalikuwa na joto?"

Mjane alimtazama kama vile ameulizwa rangi ya upepo. "Joto la nini? Yalikuwa baridi. Nilipoyaweka nilisisimka. Ndiyo nayashika vile, nikasikia watu wanapiga kelele kule mwisho."

"Tulia. Rudi nyuma kidogo. Ulipokuwa peke yako mle chumbani ulifanya nini?"

"Hakuna. Nilichemsha maji, nilijua atataka kitu cha moto akirudi."

"Kwa umeme?"

"Kwa birika nililokwenda nalo. Soketi yenyewe ilikuwa moja tu, ilibidi nichomoe kitu ndipo nichomeke."

"Kitu gani?"

"Waya fulani tu, mweusi. Sikuufuata unakwenda wapi." Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Kwani ulikuwa wa nini?"

Inspekta alisimama, akajishika nyonga. "Nitakuambia kesho. Asubuhi gari litakuja kukuchukua, nataka unioneshe ulipokaa. Usimwambie mtu, hata mama mkwe."

Walipofika kwenye gari Sajenti hakuwasha. "Afande. Ni yeye."

"Ni yeye aliyechomoa. Sijauliza hilo."

"Sasa kaka mtu ana kosa gani? Alisema uongo, sawa, lakini labda anamficha shemeji yake. Damu nzito."

"Damu nzito, ndiyo maana haifutiki. Umewahi kuona watu wa mbio wakivua blanketi? Likitoka kwenye tairi halikunjwi. Linatandikwa lipoe, ukilikunja na moto wake nyaya za ndani zinaungua, na hakuna mwenye akili anayemwekea mtu mapajani. Mwenye pea mbili analijua hilo hata usingizini. Alilikunja kwa sababu halikuwa na cha kupoa. Alilishika kwa mikono mitupu, Sajenti, akajua. Kisha akamwacha atoke."

"Utamthibitishiaje? Alichojua mtu moyoni, nani alikiona?"

"Hakuna. Ndiyo maana atatuambia mwenyewe. Mwombe mkuu wa kituo asimpeleke Pancha mahakamani mpaka kesho mchana. Mwambie watu wametulia."

Vyumba vya uwanjani vilikuwa vimejengwa kwa safu, kimoja kwa kila kundi, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na ukuta wa mbao nyepesi usiofika darini. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye madoa ya oili. Kulikuwa na benchi moja, ndoano za kutundikia nguo, na juu ya benchi soketi moja iliyopigwa rangi pamoja na ukuta. Birika la mjane lilikuwa bado pale pale, limechomekwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulirudisha nyumbani.

Mjane aliletwa mapema akaketishwa chumba cha pili pamoja na askari wa kike. Aliambiwa asubiri na asiseme neno.

"Afande," alinong'ona Sajenti, "huyu mama ana msiba. Atasikia kila kitu."

"Nataka shahidi anayesikiliza kwa makini. Unamjua mwingine?"

Jogoo alipoingia alipeana nao mikono, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Inspekta alibaki amesimama.

"Jana ulisema pea ya pili haikutoka kwenye begi."

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya mama yako."

"Basi msiba umenichanganya."

"Shemeji yako aliyapakata."

Njia ya mwongo ni fupi, na Jogoo alikuwa ameshafika mwisho wake kabla benchi halijapata joto. Alitazama mlango, akamtazama Sajenti aliyekuwa ameuegemea.

"Nilimpa, ndiyo," alisema. "Ni kosa kumpa ndugu yako kitu?"

"Si kosa. Mbona ulikana?"

"Nilijua mtanigeuzia kibao. Kila mtu hapa anajua alikuwa ananipita. Mimi na vipara vya moto, yeye na matairi ya kwendea kazini. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikamwambia njoo siku moja tukimbie kwa tairi za aina moja, blanketi nitakupa, tujue nani ni nani. Nilitaka haki tu."

"Haki ni kitu kizuri. Ulichomeka mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hapo kwenye soketi. Zangu nilizichomeka kwenye jenereta nje."

"Na zilikuwa baridi."

Jogoo aligeuka akaitazama soketi.

"Nakuonea huruma," alisema Inspekta, na hakuna kitu usoni kwake kilichofanana na huruma. "Mwenye blanketi ni wewe. Aliyemshawishi abadili tairi ni wewe. Aliyekuwa anachekwa ni wewe. Zikiwa baridi, sina haja ya kutafuta mtu mwingine aliyezizima. Mama yako atabaki na picha ukutani, mbili."

"Si mimi niliyechomoa."

"Wote husema hivyo."

"Si mimi."

"Basi nani? Mpaka jana ulikuwa na Pancha. Leo una nani?"

Jogoo alijipangusa mdomo kwa kiganja. Mtu anayezama hachagui cha kushika. "Shemeji," alisema.

Chumba cha pili kiti kilikwaruza sakafu kidogo, kikatulia. Jogoo hakusikia, alikuwa anasikiliza sauti yake mwenyewe.

"Unamsingizia mjane."

"Simsingizii. Alichomoa achemshe maji, birika lenyewe hilo."

"Umeliona birika sasa hivi ukatunga. Mtu yeyote angeweza."

"Nilimwona."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya. Niliingia kuchukua glovu, nikakuta ndiyo anainuka, waya uko chini, birika limekaa mahali pake. Sikutaka kusema, ni mke wa ndugu yangu. Lakini kama ni kuulizana nani kamuua, ni yeye, si mimi."

"Taratibu alikuwa wapi?"

"Kwenye mkutano."

"Kwa hiyo ulimwona kabla hujavua blanketi."

"Kabla, ndiyo. Mapema sana."

"Sajenti, umeandika?"

"Nimeandika, afande."

"Msomee."

Sajenti alisoma polepole, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu: niliingia kuchukua glovu, nikaona waya uko chini, ilikuwa mapema kabla ya kuvua blanketi.

"Ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Ukaurudisha waya?"

Kwa mara ya kwanza Jogoo alilitazama swali lilipotoka na lilipokuwa linakwenda, na hapakuwa na pa kupita.

"Uliuona uko chini," alisema Inspekta. "Ukachukua glovu, ukatoka. Ukarudi ukavua blanketi kwa mikono mitupu, ukazikuta baridi kama ulivyojua. Ukazikunja. Ukamfunika nazo mke wake. Kisha ukampiga ndugu yako begani ukamwambia nini?"

"Sikumbuki."

"Mkeo akikudanganya unakumbuka alisemaje miaka yote. Ulimwambia nini?"

Nje kuna mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulikwenda ukarudi.

"Nilimwambia, zimeiva," alisema Jogoo. "Nikamwambia, usizisubiri."

Sajenti aliandika.

"Nilijua atateleza, sikujua atakufa. Watu wote huanguka kwenye nyasi, wanainuka na matope. Nilitaka waone na yeye anaanguka. Wacheke siku moja tu, halafu yaishe."

"Walicheka?"

Inspekta alingoja jibu kwa dhati, kama mtu aliyeuliza bei, na alipoona haliji akamwashiria Sajenti kwa kichwa, na pingu zikafanya kazi yake. Jogoo alitoa mikono bila ubishi. Alilia kidogo, kwa sauti nyembamba isiyomfaa mtu wa kimo chake. Alipopitishwa mbele ya chumba cha pili alimwona shemeji yake amesimama mlangoni, akaanza kusema nisamehe. Mjane hakumtazama. Askari wa kike alimchukua akampeleka kwenye gari.

Mjane aliingia mle chumbani, akasimama mbele ya ile soketi.

"Ningeuacha waya pale," alisema, "mume wangu angerudi?"

Sajenti alimtazama Inspekta. Macho yake yalikuwa yanaomba, wala hayakuona haya kuomba. Palikuwa na majibu mengi ya kumpa mtu aliyefiwa: siku yake ilikuwa imefika, aliyemtuma kufa ni mwingine, nani ajuaye. Inspekta aliyajua yote, na alikuwa ameshayatumia kwa watu wengine.

"Angerudi," alisema.

Mjane aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeoneshwa njia. "Basi niandike na mimi."

"Nikuandike nini?"

"Kwamba ni mimi niliyechomoa. Shemeji umemwandika la kwake. Yule fundi nilimpiga na kiatu mbele za watu, hakuwa na kosa. Mimi nina langu. Niandike, unifunge."

"La kwako halina kifungu," alisema Inspekta. "Kuchemsha maji si kosa."

"Amekufa."

"Najua amekufa. Halina kifungu. Hakuna hakimu atakayelipokea."

"Sasa nitalipeleka wapi?"

Sajenti alifunika kalamu yake, akaifunua, akaifunika tena. Inspekta alikwenda ukutani, akachomoa birika, akazungusha waya wake vizuri na kumkabidhi mwenyewe. Mjane alilipokea kwa mikono miwili, akasimama nalo, bado anangoja jibu.

"Sajenti," alisema Inspekta, "washa gari. Kuna mtu wa kutolewa mahabusu."